Selma yule Mwingine

Ukisimama mbele ya kanisa la Triesenberg ukaita "Beck!", nusu ya kijiji itageuka, na waliobaki wameoa au kuolewa na hao waliogeuka. Ndiyo maana huko mlimani kila mtu ana jina la pili, la utani, na hilo ndilo analoitwa. La kwanza ni la serikali na la kuandikia kwenye pasi.

Akina Selma Beck walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa Selma Mashavu, na ukimwona huna haja ya kuuliza kwa nini. Wa pili alikuwa Selma Saa Tano, kwa sababu siku moja ya usichana wake aliachiwa kamba ya kengele ya kanisa, akapiga ya mchana saa nzima kabla ya wakati, wanaume wakaacha nyasi shambani wakaenda nyumbani kudai chakula kibichi. Wa tatu alikuwa Selma Bata, na kisa cha huyo bata hakisimuliwi mbele ya padri. Wa nne ndiye huyu wetu. Huyu walimwita Selma Mwingine.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita aliolewa hapo na Fidel Beck, seremala, ambaye wenzake humwita Fidel Randa. Alitoka ng'ambo ya mto Rhine, upande wa Uswisi, katika mji anaouona mpaka leo kutoka dirishani mwa jiko lake akiwa anaosha vyombo. Dakika ishirini kwa gari, lakini kwa watu wa mlimani alikuwa mgeni kana kwamba amevuka bahari. Barua zake ziliingia kwa Selma Bata. Mwaliko wake wa kwaya ulikwenda kwa Selma Mashavu. Na kila Jumapili baada ya misa, kwenye duka la mikate, mfuko wake wa mkate wa kusuka ulikuwa umeandikwa kwa penseli: "Selma B., mwingine."

Jambo hilo lilimuuma. Wengine wangelicheka, yeye lilimuuma, na siku moja alishindwa kuvumilia akamwambia Kreszenz, dada yake Fidel, aliyekuwa bingwa wa kuwabandika watu majina kijiji kizima.

"Wifi, siku nikifa mtaandika nini kaburini? 'Hapa amelala mwingine'?"

"Jina haliombwi, wifi yangu," alijibu Kreszenz huku akimenya viazi. "Linakuja lenyewe siku ukifanya kituko. Shida yako wewe hufanyi vituko. Nani atampa jina mtu anayepiga pasi hata soksi?"

"Soksi ikiwa na mikunjo inatoa malengelenge."

"Unaona sasa!" akasema Kreszenz.

Na kweli Selma hakuwa mtu wa vituko. Alikuwa mtu wa ratiba. Alikuwa na basi dogo la viti kumi na viwili, na ubavuni ameandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: "Nchi Nzima kwa Siku Moja." Wageni waliokuja Liechtenstein kwa mara ya kwanza aliwachukua asubuhi Vaduz, akawazungusha, akawarudisha jioni wakiwa wameona kila kitu, wameshiba, na hakuna hata mmoja aliyepotea. Kwa miaka kumi na tisa hajapoteza mtu. Alikuwa akiwahesabu kila wanaposhuka, na kila wanapopanda akawahesabu tena.

Jumamosi hiyo ya Septemba wageni wake walikuwa wazee kumi na mmoja kutoka kaskazini ya Uholanzi, watu wa nchi tambarare ambao hata daraja la kuvuka barabara wanaliona kilima. Kiongozi wa manung'uniko yao alikuwa Mzee Sietse Hoekstra, mfugaji mstaafu, mrefu, mwenye masikio makubwa. Mkewe, Bi Tjitske, alikuwa amefunga pasi zao mbili kwenye mfuko wa nailoni na kuukumbatia kifuani, maana alikuwa amesikia kwamba ofisi ya wageni pale Vaduz hukugongea muhuri wa nchi kwenye pasi kama ukumbusho. Alikuwa amewaahidi wajukuu wote sita kwamba watauona.

"Muhuri ni mwisho kabisa," Selma aliwaambia. "Nikiwagongea asubuhi mtajiona mmemaliza. Ofisi inafungwa saa kumi na moja, na sisi saa kumi na nusu tutakuwa mlangoni."

Alishika mwavuli wake mwekundu juu ili wamfuate. Siku hiyo kwenye ncha ya mwavuli alikuwa amefunga maua ya karatasi, ya waridi na ya manjano, yaliyobaki. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekesha wiki nzima wakiyakunja, kwa sababu jioni hiyo ng'ombe walikuwa wanashuka kutoka malisho ya juu, na ng'ombe hawarudi nyumbani hivi hivi tu kama watu waliotoka dukani. Wanapambwa. Wale waliotoa maziwa mengi kuliko wote kiangazi hicho wanavishwa taji la maua na moyo wa mbao uliochorwa, na ule moyo baadaye unapigiliwa juu ya mlango wa zizi. Mioyo ya mwaka huo Fidel ndiye aliyeichonga.

Basi wakaanza. Wakasimama chini ya jabali, wakaitazama ngome ya mtawala huko juu.

"Tunaingia saa ngapi?" aliuliza Mzee Sietse.

"Hatuingii. Mwenyewe anakaa humo."

"Hata ukumbini?"

"Mzee wangu, wewe nyumbani kwako watu wa basi wanaingia sebuleni?"

"Wakivua viatu, wanaingia."

Kwenye jumba la stempu Mzee Sietse alikaa nje kwenye benchi, akasema stempu ameshawahi kuziona. Kwenye daraja kuukuu la mbao juu ya Rhine, Selma aliwaonyesha mstari wa mpaka, wakasimama mguu huku mguu huko, wakapigana picha, wakacheka. Mzee Sietse aliangalia mbele, akaangalia nyuma.

"Nchi imeisha?"

"Kwa upande huu, imeisha."

"Na ndiyo kwanza saa nne," alisema, akaangalia saa yake kwa huruma, si kwa dharau, na hilo lilimchoma Selma zaidi.

Akawapandisha Malbun kabla ya wakati. Huko juu, mbele ya milima yenyewe, manung'uniko yalipungua. Wakala vidonge vya unga vilivyozama ndani ya jibini, na mchuzi wa tofaa pembeni. Bi Tjitske akamaliza sahani yake na nusu ya sahani ya mumewe. Baada ya kula wakaingia duka la kengele za ng'ombe, na hapo ndipo ratiba ya miaka kumi na tisa ilipokufa.

Kila mmoja alitaka kengele. Kila mmoja alitaka kuzijaribu zote. Mzee Sietse, ambaye tangu asubuhi hakutaka kitu, alizigonga moja moja kwa kidole, akiinamisha sikio, mpaka akafika kwenye kengele kubwa kuliko zote, ya mkanda mpana wa ngozi, ile anayovaa ng'ombe anayetangulia kundi. Aliigonga mara moja, akatoa pochi bila kuuliza bei. Walipotoka dukani walikuwa wamechelewa dakika arobaini na tano.

Steg, pale barabara inapoingia handaki kubwa la magari, walikuta kizuizi. Meinrad, zimamoto wa kujitolea, alikuwa amekisimamia akiwa na koti lake la kung'aa na soseji mkononi.

"Hoi, Selma!" akamsalimu kwa salamu ya mlimani. "Umechelewa. Barabara imefungwa mpaka ng'ombe wapite."

"Wako wapi hao ng'ombe?"

"Bado wanapambwa. Unajua mambo ya wanawake na vioo."

"Meinrad, nina watu kumi na mmoja wanaotaka muhuri. Nipishe."

"Hata angekuwa askofu anataka muhuri! Miguu tu ndiyo inapita. Tena kwa handaki la zamani, kule juu."

Selma aliangalia saa. Handaki la zamani lilikuwa fupi, na kulifikia ni mwendo wa nusu saa, hata kwa wazee. Upande wa pili ni kijiji chao. Kwa kawaida watu huwapokea ng'ombe mbele ya kanisa, kwa hiyo kule mdomoni mwa handaki hapangekuwa na mtu, na gari lingegeuza bila taabu. Akampigia simu mumewe.

"Fidel, chukua basi la kwaya, tukutane mdomoni mwa handaki la zamani."

"Sawa, lakini Selma, mdomoni mwa handaki mwaka huu—"

"Hizo lakini zako weka mfukoni, mume wangu, nina haraka." Akakata.

Wakapanda. Wazee hao, usiwaone hivyo, wote waendesha baiskeli, walipanda kuliko alivyotegemea. Lakini walipofika handakini Bi Tjitske alisita. Ndani mlikuwa na giza, maji yanadondoka, na taa iliyowaka ilikuwa moja tu, tena ya katikati.

"Mama, mimi giza siliwezi," akasema.

"Hakuna kitakachokupata, bibi yangu. Shikaneni mabega. Na kila mtu atoe kengele yake. Nikisema, pigeni moja moja, niwahesabu. Hapotei mtu hapa."

Wakaingia. Selma akatangulia na mwavuli wake juu, kwa mazoea tu, maana nani angeuona gizani. Nyuma yake wakaanza: ting, tang, tilingi. Akahesabu mpaka kumi.

"Nani hajapiga?"

"Mimi," ikasema sauti ya Mzee Sietse. "Nimeijaza soksi isipige kelele begani."

"Itoe soksi, mzee!"

Soksi ikatoka. Kengele ile ikalia mara moja, nzito, ya kina, ukuta wa kushoto ukapokezana na wa kulia, na handaki zima likanguruma. Wazee wakafurahi kama watoto. Nani aliwaambia waendelee sijui, lakini wote kumi na mmoja wakaanza kupiga kwa pamoja, na giza likamtoka Bi Tjitske kabisa moyoni. Selma mwenyewe alijikuta anatembea kwa kufuata mlio.

Sasa kuna barua moja ambayo Selma hakuipata. Ilikuwa imeandikwa kwa watu wote wa kijiji, kwamba mwaka huu, kwa kuwa mbele ya kanisa panachimbwa mabomba, mapokezi ya ng'ombe yatafanyika kwenye mdomo wa handaki la zamani. Barua ya Selma ilikuwa imeingia kwa Selma Bata.

Kwa hiyo upande wa pili wa giza kijiji kizima kilikuwa kimesimama kando ya barabara, watoto mabegani kwa baba zao, bendi ya tarumbeta imepanga mstari, padri na maji ya baraka, mkuu wa kijiji na hotuba yake. Walikuwa wamesubiri saa nzima. Ghafla wakasikia kengele zinakuja kutoka mlimani, na katikati yake ile nzito ya ng'ombe wa mbele.

"Wanakuja!" akapaza sauti Kreszenz. "Wanakuja!"

Mpiga ngoma akashusha mkono. Kitu cha kwanza kuonekana kikitoka gizani kilikuwa maua ya karatasi, ya waridi na ya manjano, yanacheza juu juu, na kijiji kikalipuka kwa vigelegele. Bendi ikapasua wimbo. Padri, ambaye macho yake si ya jana, akazungusha mkono akanyunyiza maji kwa nguvu zote. Na mkuu wa kijiji, pua ndani ya karatasi yake, akaanza kusoma:

"Karibuni nyumbani, malkia wa malisho! Mmenona, mmependeza, na maziwa yenu—"

Akainua macho. Mbele yake alisimama Selma Mwingine, mwavuli juu, maji ya baraka yanamtiririka puani, na nyuma yake wazee kumi na mmoja wa Kiholanzi wanapiga kengele.

Tarumbeta zikafa moja baada ya nyingine. Ya mwisho kunyamaza ilikuwa ya mkwe wa Kreszenz, ambaye hupiga akiwa amefumba macho.

Selma alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku hii moja watu wanaisubiri mwaka mzima, na yeye, mtu wa kuja, ndiye aliyeiharibu. Alimwona Fidel kando ya basi la kwaya, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Kisha Selma Saa Tano, ajuza wa watu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika uzio. Kicheko kikaenda kwa jirani yake, kikashika bendi, kikampata na padri, aliyekuwa amevaa miwani sasa na kuona alichokibariki.

"Wifi!" akapiga kelele Kreszenz, machozi yanamtoka. "Mwaka huu umetoa lita ngapi?"

"Mimi sikujua kama mko hapa!" Selma akasema. "Kila mwaka ni kanisani!"

"Barua hukupata?"

"Barua gani?"

Selma Bata akapekua mkoba wake, akatoa bahasha. "Ninazo mbili," alisema. "Nilidhani wameniandikia mara mbili kwa heshima."

Hapo handaki likanguruma tena, na safari hii kwa kweli. Ng'ombe walikuwa wamewafikia. Kushoto jabali, kulia bonde, nyuma pembe.

"Tembea, wifi!" akaita Kreszenz. "Usisimame hapo, watakupanda! Tembea mbele!"

Na bendi, bila kungoja kuambiwa, ikaanza upya. Basi Selma akatembea. Angefanya nini? Aliinua mwavuli wake akatembea katikati ya barabara, kijiji huku na kijiji huku, kengele kumi na moja za dukani nyuma yake, na nyuma ya hizo ng'ombe themanini wenye taji na mioyo ya mbao, wakitikisa vichwa kama mabibi waliokosewa adabu. Ng'ombe wa mbele alimpenda Bi Tjitske, akamlamba mkono wa blauzi mpaka begani.

Mzee Sietse alitembea ubavuni mwa Selma. Selma alipomgeukia akamkuta analia waziwazi, bila kuficha.

"Nilikuwa nao thelathini na wanane," alisema. "Magoti yakanikatalia, nikawauza. Mwaka wa sita huu. Nilimjua kila mmoja kwa jina lake."

"Wote thelathini na wanane walikuwa na majina?"

"Sasa mama, ng'ombe ukimwita 'yule mwingine', atakuja?"

Selma alikaza macho mbele ili asianze kulia na yeye.

Ofisi ya wageni walifika saa kumi na moja na nusu, pazia limeshushwa. Selma alisimama mlangoni akaomba radhi mara tatu, akasema atawarudishia fedha zao, kwamba haijawahi kutokea kwa miaka kumi na tisa. Bi Tjitske akamkatiza. Alinyoosha mkono wa blauzi, uliokuwa umekakamaa kwa mate ya ng'ombe.

"Huu ndio muhuri wangu," alisema. "Wajukuu nitawaonyesha huu. Sitaufua."

Na Mzee Sietse, akishuka basini na kengele yake shingoni, akasema tu, "Nchi yenu si ndogo, mama. Nilikuwa nimeangalia upande usiostahili."

Selma hakupata usingizi mzuri hata hivyo. Asubuhi hakutaka kwenda misani. Fidel akamwambia, "Usipokwenda watasema umebaki zizini," akatupiwa kitambaa cha vyombo usoni. Wakaenda. Kanisani watu walimtazama wakang'ata midomo, na padri alipofika kwenye kunyunyiza maji alisita kidogo, akamwangalia, mabega yakamtetemeka.

Duka la mikate lilijaa kama kila Jumapili. Selma akasimama nyuma kabisa, macho chini, karibu na mlango. Akina Selma wote watatu walikuwa mbele yake. Binti wa dukani akaanza kuita mifuko.

"Selma Mashavu! … Selma Bata! … Selma Saa Tano!"

Wakachukua. Selma akakaa tayari kusikia lile lake la kila siku.

"Selma Kengele!"

Hakuna aliyesogea. Selma akajisemea moyoni, haya, wamefika watano sasa.

"Selma Kengele!" akarudia binti, akiinua mfuko juu. Duka zima lilikuwa limegeuka na kumtazama yeye, na Kreszenz, mbele kabisa, amesimama mikono kiunoni, na penseli bado iko nyuma ya sikio lake.

"Wifi," akasema Kreszenz, "unalitaka au tukurudishie la zamani?"

Selma alipita katikati ya watu bila kujua miguu inakanyaga wapi. Alipofika mbele akausoma ule mfuko. "Selma Kengele." Penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Akausoma tena. Alitaka kusema neno la maana, miaka thelathini na mmoja alikuwa na maneno mengi ya kusema, na sasa hakupata hata moja.

"Asante," akasema, akachomoa noti ya faranga kumi, akalipa, akageuka haraka kabla machozi hayajamwaibisha, akatoka nje kwenye jua.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za kanisa sauti ya binti ilipomfuata kutoka mlangoni.

"Kengele! Umesahau mkate wako!"

Na pale pale, kabla hajafikiri chochote, Selma akageuka.